Mume Wangu Huja Nyumbani na Vumbi la Asbesto, na Mimi Ndiye Ninayefua

Mshauri, hujambo na pole kwa kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana ambaye bado hajaanza shule. Tunaishi Nakuru kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, na bomba ni moja tu uani, letu sote. Mume wangu ni mtu wa mjengo. Tangu mwishoni mwa mwaka jana amekuwa na kibarua cha kueleweka kwa kontrakta anayebomoa nyumba za zamani za wafanyakazi, zile zilizoezekwa mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, ambayo ukiyagonga unajua si ya chuma. Ndiyo hayo ya asbesto.

Kazi yao ni kuyashusha na kuyapiga nyundo yatoshee kwenye lori. Anasema yanavunjika kama sahani, na kila yakivunjika hutoka unga mwembamba mweupe. Jioni akifika nyumbani, unga huo uko kwenye nyusi, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya ovaroli. Kijana wangu akisikia tu viatu vyake uani, huyo, mbio kurukia miguu ya babake. Mzee akishavua ovaroli huikung'uta mlangoni, kisha huitundika nyuma ya mlango wa chumba tunacholala. Siku ya kufua nailoweka kwenye karai moja na yunifomu ya msichana, maana maji ni ya foleni na huwezi kujaza karai mara mbili majirani wakikuangalia.

Mambo yalibadilika binamu yangu alipokuja kutusalimu. Yeye ni muuguzi. Aliiona ovaroli ikikung'utwa, akanivuta kando na kuniuliza kama najua ule ni unga gani. Akaniambia vumbi la asbesto huleta saratani, na kwamba si mfanyakazi peke yake anayeugua, hata mke anayefua nguo zake na watoto wa nyumba hiyo. Alisema kwa upole, lakini tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mvulana wangu amekuwa akikohoa usiku kwa wiki kama tatu, na kila akikohoa naona ni lile vumbi limeshaingia.

Nilimwambia mume wangu. Alicheka kwanza. Akasema, "Wazee waliishi chini ya mabati hayo miaka na miaka na wamezeeka na meno yao yote. Vumbi ni vumbi." Nilipoendelea alikasirika. Aliniuliza kama nataka arudi kusimama barabarani kila asubuhi akitafuta kibarua cha siku, na karo italipwa na viazi ninavyokaanga hapa langoni? Msimamizi wao amempa fununu kwamba huenda akafanywa kiongozi wa kikundi. Kazini hawapewi barakoa. Kila mtu hujifunga kitambaa chake. Waliouliza waliambiwa asiyetaka kazi aende, wako wengi nje ya lango.

Basi mimi nikaacha kuigusa ile ovaroli. Aliona ni dharau. Akaanza kuifua mwenyewe usiku kwa hasira, na siku hizi tunasalimiana tu mbele ya watoto. Akimaliza kula anatoka nje kuvuta sigara, anarudi mimi nimelala au najifanya nimelala.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kabla sijajua haya, yeye na wenzake waliruhusiwa kuchukua mabati ambayo hayakuvunjika. Aliyapeleka kwao Njoro akamwezekea mamake jiko. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Jiko lake lilikuwa likivuja tangu mzee wake alipofariki, na alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wa kiume mwenye kumbukumbu. Yaliyobaki yameegemezwa kwenye ua, na tukienda huko watoto huyapanda na kuyavunja kona wakicheza. Maji ya mvua ya paa lile anayakinga kwenye pipa, ndiyo ya kupikia. Mimi ni mkwe. Nitaanzia wapi kumwambia kwamba zawadi ya mwanawe ni sumu?

Nisaidie kuamua. Nichukue watoto niende kwetu mpaka kazi hiyo iishe? Niripoti kazini kwake, hata kama atafukuzwa na kujua ni mimi? Na je, kama tayari tumelipumua lile vumbi miezi yote hii, kuna maana gani ya kupigana sasa?

Mama Wawili, Nakuru

*

Dadangu Mama Wawili,

Umeniuliza maswali mengi kwa pamoja, na naona yote yameshikana kwa hofu moja: kwamba kitu kibaya kilikuja mlangoni kwako kikiwa kwenye mwili wa mtu unayempenda, nawe ukakifua kwa mikono yako bila kujua. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ndani ya barua yako kuna mambo uliyoyachukulia kuwa yamekwisha kuamuliwa, na mengine sidhani yameamuliwa.

Nianze na kikohozi cha mtoto kwa sababu hicho hakifai kungoja. Magonjwa ya asbesto huchukua miaka mingi kujitokeza. Saratani zake huonekana baada ya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Hayamfanyi mtoto akohoe baada ya miezi. Kwa hiyo kikohozi cha wiki tatu kina sababu nyingine, na huenda inatibika: pumu, moshi wa jiko, mafua yaliyoshuka kifuani, au kifua kikuu. Hapa Kenya mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili anapaswa kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hakilipiwi katika hospitali za serikali. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu wiki hii. Naogopa kwamba ukiendelea kukiita kikohozi hicho asbesto, utakaa nacho nyumbani ukisubiri habari mbaya, na kumbe dawa iko.

Sasa vumbi lenyewe. Binamu yako hakukutisha bure. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba mno, na likivunjwa nyuzi hizo hupeperuka hewani bila kuonekana. Ule unga mweupe mnaouona ni saruji kwa sehemu kubwa. Zinazodhuru ni zile nyuzi zilizomo ndani yake ambazo jicho halizioni. Zikifika ndani kabisa ya mapafu, mwili hauwezi kuziyeyusha. Ndizo huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaofunika mapafu iitwayo mesothelioma. Shirika la Afya Duniani linazihesabu aina zote za asbesto kuwa chanzo cha saratani, iwe nyeupe, ya kahawia au ya buluu.

Na habari ya wake na watoto si mpya. Mwaka 1960 daktari Christopher Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, na wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi tu karibu na migodi ya asbesto. Miaka mitano baadaye, Muriel Newhouse na Hilda Thompson waliwachunguza wagonjwa wa London. Wakakuta tisa ambao kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto. Wengi wa hao walikuwa wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Wawili walikuwa wanaume ambao, wakiwa wavulana wa miaka minane au tisa, dada zao walifanya kazi kiwandani. Nimesimama hapo kwa muda, kwa sababu ya kijana wako anayerukia miguu ya babake.

Lakini shika na hili pia, kwa sababu umeniuliza kama kuna maana ya kupigana sasa. Katika mji wa Casale Monferrato, Italia, palikuwa na kiwanda kikubwa cha mabati ya asbesto. Watafiti waliwafuatilia wake 1,780 wa wafanyakazi wake, wanawake ambao wenyewe hawakuajiriwa humo. Waliokufa kwa mesothelioma ya mapafu walikuwa 21, mahali ambapo kwa kawaida angetarajiwa mmoja hivi. Hiyo ni hatari kubwa na inanikasirisha. Hata hivyo wengine wote, zaidi ya 1,700, hawakufa kwa ugonjwa huo, na waume zao walikuwa watu wa kiwandani. Hakuna kiasi cha asbesto kinachojulikana kuwa salama kabisa, lakini hatari huongezeka kadiri mtu anavyoipumua nyingi na kwa miaka mingi. Kinachoingia nyumbani kwako kuanzia wiki hii bado kinaweza kupunguzwa. Miezi iliyopita hatuwezi kuirudisha, na hakuna dawa ya kutoa nyuzi zilizokwisha kuingia, wala eksirei ya leo haitakuonyesha chochote. Nisingependa utumie pesa za viazi kutafuta kipimo hicho. Kilicho na faida ni kumwambia mhudumu wa afya akuandikie kwenye rekodi zenu kwamba mliishi na vumbi la asbesto, mwaka gani na kwa kazi gani, ili daktari atakayewaona mkiwa wazee ajue pa kuangalia.

Ningependa kurudi kwa mume wako, kwa sababu kuna kitu nilikitafuta kwenye barua yako nisikione. Umeniambia unavyowahofia watoto. Umejihofia wewe mwenyewe, na ni haki yako. Yeye umemtaja kama mtu anayeleta vumbi. Lakini dadangu, anayelipumua zaidi ya nyinyi wote ni yeye. Nyinyi mnapata kinachobaki kwenye nguo. Yeye yuko juu ya paa na nyundo mkononi, pua imefungwa kitambaa ambacho nyuzi hizo hupita kama hakipo. Tena anavuta sigara, na sigara ikikutana na asbesto hatari ya saratani ya mapafu huongezeka mara nyingi kuliko ya kimoja peke yake. Je, ameshawahi kusikia kutoka kwako kwamba unaogopa kumpoteza? Au amesikia tu kwamba anawaua watoto wake? Sisemi ulisema hivyo. Nauliza alivyosikia.

Nadhani kicheko chake kilikuwa na woga ndani yake. Mwanamume ambaye jiko la mamake limeacha kuvuja kwa jasho lake, ambaye anakaribia kupewa cheo kidogo, anaambiwa kwamba kazi hiyohiyo ndiyo madhara. Ni vigumu kulimeza neno hilo siku ya kwanza. Na hoja yake ya wazee ina ukweli nusu, nawe unaweza kumpa nusu hiyo bila kushindwa. Bati zima la asbesto lililotulia juu ya paa hutoa nyuzi chache sana. Kukaa chini yake ni jambo moja, kulivunja kwa nyundo kutwa nzima ni jambo jingine kabisa. Wazee hao waliishi chini yake, hawakulivunja. Na kwa kuwa ugonjwa huchukua miongo kufika, mtu hawezi kuwatazama wenzake wenye nguvu leo akajua nani amepona.

Mkiongea, usichague jioni akiwa ametoka kazini, wala usiongee mbele ya karai la nguo. Chagua Jumapili ametulia. Pengine umwalike binamu yako, kama wanaheshimiana, azungumze naye peke yao. Wanaume wengine humsikia mhudumu wa afya kwa sikio tofauti na la mke. Kuna hatari ataona mmemjadili nyuma yake, kwa hiyo mwambie kabla kwamba umemwomba aje. Wewe unamjua, mimi namkisia tu kutoka kwenye barua.

Kuhusu ovaroli, niruhusu niwe mrefu kidogo, maana hapo ndipo nyumba yako inapoguswa kila siku. Njia iliyo salama ni nguo hizo zisifike nyumbani kabisa. Zibaki kazini, zifuliwe huko, naye aoge na kuosha nywele kabla ya kupanda matatu. Ukweli ni kwamba kwa kontrakta unayemweleza hilo halitatokea kesho, kwa hiyo nakupa la muda, nikijua halitoshi. Avue ovaroli kazini, ailoweshe maji kidogo huko huko, aifunge ndani ya mfuko mzito wa nailoni usiopitisha hewa, aje na nguo nyingine mwilini. Viatu vya kazi vibaki nje na vifutwe kwa kitambaa chenye maji. Isikung'utwe tena popote, hata nje, kwa sababu ploti ina watoto wa watu wengine. Iwe na karai lake. Itumbukizwe majini kabla ya kufunguliwa vizuri, isichanganywe na nguo za mtu yeyote, na maji yake yamwagwe chooni au kwenye mtaro, yasiachwe uani yakakauka. Anayefua awe nani? Hilo mlipange nyinyi. Kama yeye ameanza kuifua mwenyewe, hata kama ni kwa hasira, pengine mnaweza kuligeuza kuwa mpango badala ya adhabu. Na ndani ya chumba, ufagio mkavu uupumzishe. Futa sakafu, mlango na fremu ya kitanda kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa ukifunge kwenye mfuko na kukitupa. Kijana mzoeze kumsubiri babake mpaka aoge. Najua hilo litamuuma babake kuliko yote niliyotaja, basi mwambie wewe mwenyewe sababu, asije akalisikia kwa mtoto.

Sasa umeniuliza kuhusu kuripoti. Ulilieleza kama usaliti, na naelewa kwa nini. Lakini angalia jambo hili lilivyo kisheria. Tangu mwaka 2006 kanuni za taka za nchi hii zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari; haivunjwi ovyo wala kubebwa na lori lolote, anayeisafirisha anahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bure, pamoja na mahali pa kunawa na pa kuweka nguo. Kwa hiyo mume wako hajafanya kosa lolote kwa kudai barakoa, wala wewe kwa kutaka adai. Ameajiriwa na mtu anayehifadhi pesa kwa kutumia mapafu ya watu.

Njia ziko kadhaa na kila moja ina bei yake. Anaweza kwenda na wenzake kama kikundi kuomba mambo machache yanayowezekana: mabati yaloweshwe maji kabla ya kuguswa, yashushwe mazima bila nyundo, wapewe barakoa zinazobana uso zenye kichujio cha vumbi laini, na wapate maji ya kuoga. Ombi la watu kumi ni gumu kulifukuza kuliko la mtu mmoja, ingawa hata kumi wanaweza kufukuzwa. Kama atakuwa kiongozi wa kikundi, huenda akapata sauti ya kulowesha na kutovunja. Au huenda cheo hicho kikamfunga mdomo. Yeye ndiye anayeijua hewa ya pale. Anaweza pia kwenda Idara ya Usalama na Afya Kazini au ofisi ya NEMA ya kaunti na kuomba jina lake lisitajwe. Huenda kazi ikasimamishwa, na wote wakakosa mshahara kwa muda. Unaweza kwenda wewe bila kumwambia. Sikukatazi, lakini fikiria itakuwaje akijua, ilhali tayari mnasalimiana mbele ya watoto tu. Na iko njia ya yeye kutafuta mjengo mwingine polepole huku akijikinga kadiri anavyoweza, bila kuacha kazi kwa ghafla. Pesa zako za viazi si ndogo kama alivyozitaja kwa hasira. Kaeni mhesabu ni wiki ngapi zinaweza kuwashikilia akitafuta. Pengine hesabu itakuwa mbaya, pengine si mbaya kama anavyodhani.

Kwenda kwenu na watoto kutawaondoa karibu na ile ovaroli, ni kweli. Kutamwacha yeye nayo, na msichana atakosa shule katikati ya muhula. Kama nguo zitaacha kuingia nyumbani, sababu kubwa ya kuondoka itakuwa imepungua. Kama atakataa kabisa hata kuacha kukung'uta mlangoni, utakuwa na sababu nzito zaidi ya kulifikiria, na sitakulaumu. Nisingependa tu uondoke kabla ya yale mazungumzo ya Jumapili kujaribiwa.

Mwisho, Njoro. Maji ya pipa yasikunyime usingizi: Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba asbesto inayomezwa kwenye maji huleta madhara. Shida ni kuipumua. Mabati yaliyokwisha kupigiliwa juu ya jiko yana hatari ndogo yakiachwa yatulie, na kosa kubwa sasa lingekuwa mtu kupanda kwa haraka kuyang'oa. Yasitobolewe tena, yasisuguliwe ukungu, yasikatwe kupitisha bomba la moshi. Yaliyo kwenye ua ndiyo yanayonipa wasiwasi, kwa sababu ya watoto na kona zinazovunjika. Hayo yaloweshwe maji, pamoja na vipande vilivyoanguka, yafungwe kwa karatasi nzito ya nailoni bila kuvunjwa zaidi, na yawekwe mahali mtoto hafiki. Yasichomwe, maana nyuzi haziungui, wala yasifukiwe shambani, siku moja jembe litayafukua. Kisha muulize ofisi ya NEMA ni nani mwenye leseni ya kuyachukua na kwa gharama gani.

Neno la kumwambia mama mkwe sidhani ni lako. Mwanawe ndiye aliyeleta zawadi, na akilisema yeye mama atalisikia kama uangalizi wa mtoto uleule aliomshukuru Mungu kwa ajili yake. Ukilisema wewe, huenda akasikia mkwe anayeona kijicho. Kwa hiyo Njoro inasubiri Jumapili ile ya kwanza, na inaweza kuwa mahali pepesi pa mume wako kuanzia, kwa sababu kufunga mabati ya ua wa mamake hakumgombanishi na msimamizi yeyote. Nendeni pamoja siku hiyo, watoto wabaki na binamu yako.

Niandikie mkishaulizia gharama za kuyaondoa. Nyumba nyingi za wazazi wetu upande huu zina mabati kama hayo, na wasomaji wengine watataka kujua mliambiwa nini.